Haijaguswa

Bagamoyo, Alhamisi, baada ya Alasiri

Mwanangu Zuhura,

Mama yako yuko ndani anakufungia mzigo, na kwa jinsi ninavyomjua amekwisha kukuambia yote: usishinde na chipsi, usimkopeshe mtu khanga zako, chandarua kiko chini ya shuka, piga simu kila Ijumaa. Sina la kuongeza hapo. Mimi niko huku uani kwenye gereji, nimekaa juu ya kiti cha gari ambacho gari lake silikumbuki, karatasi nimeilaza kwenye boneti, na nina hasira. Nakuambia mapema ili usije ukafika kwenye mstari mkali ukadhani nimekulenga wewe.

Kesho unakwenda Dar kuanza kazi katika yadi ya magari ya Sefu. Alipokuja hapa wiki tatu zilizopita, akala wali wetu na kumsifu mama yako kwa samaki, alisema, "Binti ana lugha, ana uso wa kuaminika. Ataniandikia matangazo, atanipokelea wateja." Ulifurahi mpaka ukasahau kutoa sahani. Mimi nilinyamaza. Uliponiuliza, "Baba, mbona wewe hufurahi?" nikakujibu jino linaniuma. Sina jino linaloniuma. Nilinyamaza kwa sababu nilipomsindikiza mgeni wetu hadi barabarani alinipiga begani akacheka: "Shehe wangu, yule ni binti wa Fundi Athumani. Mteja akilisikia jina hilo, nani tena atatoa sumaku mfukoni?"

Umekulia kwenye vumbi la gereji hii, unajua sumaku ni ya nini. Palipo na bati inashika. Palipo na puti, ile dawa tunayojazia mabonde kabla ya rangi, inaanguka chini. Asiye na sumaku hugonga kwa kifundo cha kidole: bati hulia ngaa, puti hujibu du, kama mtu aliyeshiba. Mnunuzi mwenye akili hupita akigonga gari zima. Sefu hakutaka lugha yako, mama. Alitaka watu waache kugonga.

Nimekuwa mtu wa kelele maisha yangu yote, na wewe umeona aibu nyingi kwa ajili hiyo. Hapa mtaani wananiita Profesa wa Puti. Wanajua nilikosomea: kwenye magazeti ya zamani tunayobandika juu ya vioo ili rangi isivichafue. Nimeisoma dunia vipande vipande, vingine kichwa chini, nikingoja rangi ikauke, na nilipomaliza magazeti nikaanza kununua vitabu vya watu waliohama. Nimegombana na diwani kwa sababu ya mtaro. Nimegombana na mwalimu wako aliyekuchapa kwa kuuliza swali. Nimeandika barua kwa wahariri juu ya barabara, juu ya shule, juu ya wakubwa wanaozindua kisima kilekile mara mbili. Baadhi zilichapishwa, na nikaja kuzikuta mwenyewe kwenye rundo la magazeti ya kufunikia vioo, nikazipulizia rangi.

Katika barua zote hizo hakuna hata moja inayoihusu kazi yangu. Nimepigia kelele madoa ya nchi nzima nikaruka uwanja wangu. Hii ndiyo ya kwanza.

Kuna neno moja utaambiwa uliandike kesho, au keshokutwa. Wenye lugha yao watasema gari halijaguswa. Sokoni tunasema haijaguswa. Maana yake gari halijawahi kugongwa, halijanyooshwa, halijachomelewa; limetoka kiwandani hivyo lilivyo. Ni neno ninalolichukia kuliko tusi lolote. Tusi linakujia uso kwa uso. Hili linakuja limeoshwa, limepakwa nta, lina zulia jipya. Dalali analisema akijua anadanganya, mnunuzi analisikia akijua anadanganywa, wote wawili wanapeana mikono, halafu gari linapakiwa watoto linaingia barabarani.

Nilikuambia nitaandika juu ya kazi yangu. Basi nije kwenye gari la buluu.

Ulikuwa na miaka tisa. Sefu hakuwa na yadi wakati huo. Alikuwa dalali wa kutembea kwa miguu, kijiti cha kuchokonolea meno hakimtoki mdomoni, hata akiwa hajala. Siku moja akaja na lori limebeba magari mawili ya aina moja. Moja lilikuwa limegongwa mbele, halina uso. La pili limegongwa nyuma, buti limeingia mpaka kwenye viti. Akashuka, akafungua mikono kama anayetoa mawaidha. "Fundi, Mungu katuletea gari moja zima. Tatizo limekuja vipande viwili."

Nikacheka. Hilo nalo nalikiri, nilicheka.

Usinitafutie udhuru wa njaa. Chakula kilikuwapo, kazi zilikuwapo. Nilifanya kwa kiburi. Nilitaka kuona kama mkono wangu unaweza kuficha kitu kikubwa kiasi hicho. Nilikata gari la kwanza chini ya viti vya mbele na kwenye nguzo za kioo, nikakata la pili palepale, nikaunganisha nusu nzima kwa nusu nzima, nikachomelea. Nikapiga puti, nikapiga msasa, nikapiga puti tena. Chini nikapaka lami, juu nikatandika zulia. Nikamalizia kwa rangi ya buluu niliyochanganya mwenyewe. Siku kumi na moja. Kisha nikawaita mafundi wenzangu wakitafute kiungo. Waligonga, wakalala chini na tochi, wakatoka na vumbi mgongoni. Hawakukiona. Mmoja akasema, "Athumani, ungezaliwa kwa wenzetu ungekuwa unapasua watu mioyo." Nilitembea siku nzima nimevimba kama andazi.

Aliyelinunua unamjua. Ni Bi Mwantumu, mkunga wa Fukayosi, yule unayemwita Bibi Nanasi. Mama yako alikwenda kujifungulia kwao, na mikono ya kwanza kukushika duniani ilikuwa yake. Yeye na mumewe, Mzee Ramadhani, walikuwa wanatafuta gari ili wajawazito wasiwe wanabebwa kwenye pikipiki. Wakaja hapa pamoja na Sefu. Namkumbuka alivyosimama, kashika mwavuli uliofungwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Athumani. Hujambo? Zuhura wangu?"

"Hajambo, yuko chuoni anasoma Kurani."

"Alhamdulillahi. Sasa sikiliza. Hawa wa sokoni siwaelewi, wanamsifu hata punda. Nimekuja kwako kwa sababu ni wewe. Gari hili limeguswa?"

Mzee Ramadhani akadakia, anacheka, "Na useme kweli, fundi. Likiwa bovu, huyu atasema mimi ndiye niliyelichagua, na nitaambiwa mpaka kaburini."

Sefu alikuwa nyuma yao. Alihamisha tu kijiti chake kutoka upande mmoja wa mdomo kwenda mwingine.

Nikasema, "Mama, mimi sijaliona likigongwa."

"Wallahi?"

"Wallahi sijaliona likigongwa."

Na kweli sikuliona. Magari yote mawili yaligongwa mbali na macho yangu. Ulimi wangu haukutoa hata herufi moja ya uongo, na wakati ule nilijiona mjanja kupita kiasi: nimemwokoa Sefu, nimemridhisha mama, na dini yangu nimeipitisha salama katikati. Sisi watu wa pwani ni hodari sana wa hili. Hatupendi kuapa uongo, tunamwogopa Mungu. Kwa hiyo tunatafuta maneno ya kweli yanayofanya kazi ya uongo, tunamwapia nayo Mungu huyohuyo, kisha tunakwenda kusali. Nilifundishwa chuoni, tena ningali mdogo, kwamba kiapo hufuata nia ya anayekuapisha, si hila ya anayeapa. Nililijua hilo pale niliposimama. Bi Mwantumu hakuuliza macho yangu yameona nini. Aliniuliza apande au asipande.

Akapanda.

Lilimtumikia miezi minane. Kisha alfajiri moja, walipokuwa wakielekea Msata, pikipiki ikawakatia mbele. Mzee Ramadhani akakwepa, akaingia mtaroni. Nimeuona mtaro ule, Zuhura. Ni wa kimo cha goti. Bajaji ingetoka humo kwa kusukumwa na watu wawili. Lakini gari lilifunguka kwenye kiungo changu kama mkate unaomegwa. Nusu ya mbele ilibaki mtaroni na Mzee Ramadhani ndani yake, hana hata mkwaruzo. Nusu ya nyuma ilipinduka na Bi Mwantumu ndani yake. Mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti.

Habari iliponifikia nilipanda pikipiki mara moja. Sikwenda hospitali. Nilikwenda kwanza kuliona gari. Katika yote niliyoyafanya, hili ndilo linaloniamsha. Nilikuta bati limeachana kwa mstari ulionyooka kana kwamba limepigwa rula, na puti imemwagika kwenye majani kama unga wa mhogo. Watu walikuwa wamekwisha kuondoka. Nikainama, nikaokota vipande vya puti kimoja kimoja, nikavitia mfukoni.

Karatasi ya ajali iliandikwa mwendo kasi. Kijiji kikasema mzee haoni vizuri. Na kwenye mkeka wa hospitali, na msikitini, na kila mahali, nikasikia msemo ule, wenye ndevu na wasio na ndevu wakiutoa kwa sauti ya upole: kazi ya Mungu haina makosa. Nitakuambia kwa nini naghadhibika mpaka leo nikiusikia. Mungu hakushika mashine ya kuchomelea. Mungu hakupaka lami. Niliishika mimi, nilipaka mimi, na watu wazima wenye akili zao walikuwa tayari kumtwisha Muumba mzigo huo kuliko kumuuliza fundi mmoja swali moja. Sisi ni hodari wa kumsingizia Mungu. Gari likianguka tunamtafuta dereva. Dereva akiwa mtu mwema tunamtafuta Mungu. Anayechomelea hatafutwi. Na mimi niliyejulikana mji mzima kwa kutonyamaza, nilinyamaza, nikaitikia amina.

Kilichofuata unakikumbuka, lakini unakikumbuka upande wa rangi tu. Nilimtengenezea Bi Mwantumu magongo mawili ya bomba jepesi, nikakataa malipo, na mji ukanisifu. Ukaniomba uyapake rangi wewe. Ulipanda juu ya tairi, ukatafuta kwenye rafu, ukashuka na kopo la buluu. Lilikuwa lilelile la gari. Nilikaa nikakutazama unapaka, ulimi umeutoa nje kwa umakini, ukiniuliza, "Baba, atafurahi?" Nikasema atafurahi sana. Na alifurahi. Tangu mwaka ule, kila msimu, linakuja gunia la mananasi kutoka Fukayosi. Uliyala ukikimbia nayo ua mzima, maji yanakuchuruzika mpaka kwenye viwiko. Mimi uliambiwa sipendi nanasi, linanichoma tumbo. Kama lile jino.

Sefu alipoondoka wiki tatu zilizopita, nililala na kuamka na kitu kimoja. Kwamba mimi siwezi kukukataza kwenda kwake bila kukuambia sababu, na sababu ni mimi. Ananijua, namjua, na ukimya wangu ndio kamba aliyonishikia miaka kumi na miwili. Sasa anataka ncha ya kamba hiyo hiyo akufungie wewe.

Leo asubuhi nilikwenda Fukayosi.

Nilimkuta Bi Mwantumu barazani anachambua mchicha, magongo yameegemea ukuta. Rangi imechubuka pale mikono inaposhika, kwingine bado ni buluu. Nikamwamkia, akaitikia, akanitengea kigoda, akaulizia safari yako. Nikamwambia kabla sijakaa, maana nilijua nikikaa nitazunguka. Nikamwambia magari mawili, kiungo, kiapo, puti mfukoni. Nilisema yote nikiutazama mchicha.

Aliendelea kuchambua mpaka fungu likaisha. Kisha akavuta gongo moja, akaligonga kwa kifundo cha kidole. Bomba likalia.

"Athumani," akasema, "na hili nalo umelipiga puti?"

"La, mama. Hilo ni chuma."

"Nakuuliza tu. Siku hizi najifunza kuuliza."

Akalirudisha gongo ukutani.

"Mume wangu alikuwa akiniomba radhi kila Ijumaa akirudi msikitini. Unajua hilo? Kila Ijumaa. Nami namwambia yamekwisha, baba, lakini kwa ile sauti ya mtu ambaye hayajamwishia. Alilijua. Hakushika usukani tena, hata trekta la shemeji yake. Amekufa anajiona kipofu aliyemkata mkewe mguu. Na macho yake yalikuwa mazima!" Hapo ndipo sauti ilipompanda. "Macho yake yalikuwa mazima, Athumani!"

"Ndiyo, mama."

"Ulikuja kumzika."

"Nilikuja. Nilibeba jeneza."

"Nilikuona. Nikakuombea dua, kwamba fundi huyu ana moyo."

Nikamwambia niwie radhi. Akatikisa kichwa. "Radhi zangu ngoja kwanza. Zilitumika nyingi siku za Ijumaa." Halafu akaniuliza, "Zuhura anajua?"

"Hajui."

"Yule niliyempokea kwa mikono hii, kesho anakwenda kwa yule mchokonoa meno, akawaambie watu kwamba yeye ni binti wa fundi mwaminifu?"

"Ndiyo."

"Basi hujaniambia kitu. Nenda kamwambie yeye. Ukisha kumwambia yeye, hapo ndipo utakuwa umeniambia mimi."

Nikainuka. Hakunisindikiza, na hakunipa nanasi, na nilishukuru.

Njiani nilimpigia simu Sefu. Nilimwambia nimesema Fukayosi, na kesho baada ya sala ya Ijumaa nitasema mtaani, jina langu kwanza na lake la pili. Akacheka kile kicheko chake. "Shehe, umri umekuingia vibaya. Mambo ya kale hayo, nani anakumbuka? Mwache binti aje. Akifika nitampeleka mbele ya gari, nitampa simu apige picha, nitamwambia andika haijaguswa. Akiandika ni wangu. Asipoandika atarudi na basi lilelile. Tena atarudi anakulaani wewe."

Huenda amesema kweli kuhusu hilo la mwisho. Umeitafuta kazi hii miaka miwili, umezungusha barua mpaka soli zikatoboka, na mimi nimekuharibia siku moja kabla ya kuanza. Una haki ya kunikasirikia. Nakasirika na nchi ambayo msichana mwenye cheti kizuri hana mlango mwingine wa kugonga ila mlango wa Sefu. Lakini nikisema hivyo nasogea tena kwenye barua za wahariri, na nilikwisha kuahidi kwamba hii haitakuwa hivyo.

Mama yako nimemwambia baada ya Adhuhuri. Hajanisemesha tangu hapo. Ndiyo maana umemsikia leo akifunga hilo sanduku kama anampiga mtu.

Sikukatazi kwenda. Baba aliyeapa kama nilivyoapa mimi hana mdomo wa kumkataza mtu. Nilitaka tu swali ulijue kabla hujalikuta. Mimi langu nililikuta ghafla, mbele ya gari la buluu, na nimekueleza nilivyolijibu. Wewe lako litakuja likiwa dogo, neno moja la kuandika kwenye simu, na mwenye gari yuko pembeni anachokonoa meno. Utakachojibu ni chako. Ukirudi na basi lilelile, nitakuwa kituoni. Usiporudi, nitajua umepata njia ambayo mimi sikuiona, na nitakuuliza kwa adabu ni ipi.

Kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba wako kuna kitu kizito kimefungwa kwenye kitambaa. Ni sumaku yangu, ile ya spika ya zamani. Nimeipitisha juu ya magari ya watu wengine tu tangu niliponunua kigoda changu cha kwanza cha gereji. Barua hii nimekuwekea pamoja nayo, uzisome zote mbili.

Ukiulizwa yadini wewe ni binti wa nani, sema. Ukiulizwa huyo baba ni mtu wa namna gani, sema pia.

Ni mimi baba yako, Athumani. Nimeguswa. Na palipoungwa, sasa unapajua.